Upande wa Barabara

Kila mtu pale Kamakwa, pembeni mwa mji wa Nyeri, ana lake la kusema kuhusu paa la Wakiuru, na wengi wao hawajawahi kukanyaga chumba anacholala. Wanasema ni uzee. Wanasema ni ukaidi wa mwanamke aliyekaa miaka mingi bila mume. Wangejua yaliyompata, labda wangepunguza maneno.

Paa lenyewe alilipata angali bibi arusi. Mumewe, Gikonyo, alikuwa dereva wa lori, akibeba viazi kutoka Naro Moru hadi Karatina, na mshahara wake ulikuwa na tabia ya kuishia njiani. Walioezeka nyumba ile ni wanawake. Siku hizo akina mama walikuwa na vyama vya mabati: wanachanga, wananunua, wanaezeka kwa huyu, kisha kwa yule, mpaka mapaa ya nyasi yakaisha. Zamu ya Wakiuru ilipofika walikuja na mabati mgongoni, wakiimba tangu kule mtoni, wakaezeka mbele na nyuma bila kuuliza wageni watapita upande gani.

Chini ya mabati hayo alizaa, akamlilia Gikonyo alipofariki, na akatoka kila alfajiri kwenda kupika githeri katika shule ya bweni mpaka mabega yakainama na akastaafu. Mabati nayo yalizeeka pamoja naye. Misumari ililegea, kutu ikatoboa matundu, na mbao za upande wa nyuma zikaoza hadi kidole kinaingia. Vyumba vya kulala viko huko nyuma, vinatazama shamba. Wakiuru alipaka lami kwenye matundu, akatandaza nailoni juu ya dari, akasogeza kitanda kona hii na ile. Mvua ilimfuata kila kona.

Mwaka jana kifua kilimbana, akalazwa na nimonia. Siku ya kumruhusu aende nyumbani, muuguzi alimwonya asilale tena kwenye unyevu, la sivyo ugonjwa utarudi kwa ubaya zaidi. Kwa hiyo alichotaka Wakiuru kwa wanawe wawili hakikuwa kikubwa. Alitaka kulala pakavu.

"Mum, hiyo nyumba tutaifanya," alisema Muchiri, mwanawe wa kwanza, aliye na kazi ya ofisi huko Nairobi. Alisema hivyo Pasaka, akasema hivyo tena Krismasi. Alimpaka mama yake mafuta kwa mgongo wa chupa hadi chupa yenyewe ikang'aa.

Kisha Shiro, kitinda mimba, akapata mchumba, kijana wa familia moja ya Kangari yenye mashamba ya majani chai. Wazee wa Kangari wakatuma habari kwamba wanakuja kumenya mucii, ile ziara ya kwanza ambapo watu wa mvulana huja kuijua nyumba anakotoka msichana. Ghafla paa likawa jambo la haraka. Lori lilishusha mabati mapya ya rangi ya damu ya mzee, na fundi Mathenge akaegemeza ngazi ukutani. Wakiuru alifurahi, nakwambia, alifurahi kama mtoto. Alikwenda chumbani akaanza kuondoa masufuria aliyokuwa akikingia maji.

Alipotoka nje alikuta upande wa barabara umeshaezuliwa, na hakuna aliyegusa nyuma.

"Na huku?" alimuuliza Muchiri.

"Huko tutafanya baadaye, Mum. Hizi bati zinatosha upande moja tu."

"Si basi uanze na huku? Mimi nalala huku."

"Nyuma nani anaangalia, Mum?"

"Mimi ndio niko huko nyuma, Muchiri."

Shiro, aliyekuwa akipima mahali pa kuweka hema, aligeuka. "Mum, hii ni siku yangu. Usianze maneno."

Mathenge alikuwa ameziona mbao zilizooza. Aliona pia kwamba mabati mapya yana mawimbi makubwa kuliko yale ya zamani, na kwamba kofia inayofunika maungio kule kileleni haitakaa sawa pande zote mbili, itaacha mwanya. Alikohoa, akasema ingekuwa vizuri kufanya yote mara moja. Muchiri alimtazama tu, na fundi akarudi kwenye misumari yake.

Wageni walikuja, wakasimama kwenye nyasi, wakatazama juu kama watu wanaotazama mlima. Mzee mmoja wa Kangari akasema, "Mama amewekwa vizuri. Hii nyumba inaonyesha watoto wako na heshima."

Wote wakamgeukia Wakiuru.

"Ni kweli," akasema. "Watoto wangu wamenifunika."

Akapigiwa makofi. Vyumba vya nyuma vilikuwa vimefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Muchiri.

Mvua za Aprili zilipoanza, upepo ulisukuma maji kupitia kwenye ule mwanya wa kileleni, yakateremka moja kwa moja hadi chumba cha mama. Zamani paa lilidondosha. Sasa lilimwaga. Godoro lililowa, kikohozi kikarudi, na Wakiuru akahamia kwenye kochi sebuleni, chini ya mabati mazuri ya kuonyesha watu. Akamwambia Muchiri kwa simu.

"Mum, usilale kwa hizo viti," Muchiri akasema. "Zitaharibika kabla ya ruracio, na wageni watarudi na mahari."

Hakuuliza kifua kinaendeleaje. Aliuliza viti. Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Wakiuru, na nitakiita kwa jina lake, maana mtaa mzima umekataa: ilikuwa hasira.

Kesho yake alimwita Mathenge.

"Toa hizo bati mpya mbele, uzipeleke nyuma. Hizo kuukuu zije mbele."

"Ai, Mama Muchiri! Hakuna mtu hufanya hivyo."

"Basi wewe utakuwa wa kwanza."

"Na Muchiri akiniuliza?"

"Mwambie hii nyumba iko na mwenyewe."

Mti mmoja wa mukima wa kwenye ua uliangushwa ukapasuliwa mbao, na Mathenge akaondoka na mbuzi kwa kazi yake. Mabati mekundu yakaenda kutazama shamba, na kofia ikabanwa upande huo. Yale ya kutu, na viraka vyake vya lami, yakatazama barabara. Wapita njia walisimama langoni wakicheka, mmoja akapiga picha. Wakiuru alifunika makochi kwa nailoni, akaingia chumbani kwake, akalala fofofo.

Picha ilifika Nairobi kabla hajaamka.

"Umetuaibisha, Mum," Muchiri alifoka. "Sasa watu watatuona aje?"

"Na mimi, nilikuwa naonekana aje?"

Simu ikakatwa. Jioni akapiga Shiro, akiongea polepole kama mtu aliyefundishwa la kusema. Ruracio ingefanyiwa Ruiru, kwa Muchiri. Gari litatumwa kumchukua mama asubuhi.

"Ruracio huletwa kwenu, Shiro. Na kwenu ni hapa."

"Siwezi kuleta watu hapo, Mum. Ungeacha tu paa vile ilikuwa."

"Vile ilikuwa, nilikuwa naumwa."

"Ungevumilia mpaka hiyo siku ipite," Shiro akasema.

Siku ilipofika Wakiuru aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni lake la kitenge na kujifunga kitambaa kichwani. Gari lilipiga honi langoni. Alitoka hadi mlangoni, akalitazama, akasimama pale pale. Ataenda kuketi kiti cha mbele katika nyumba ya kukodi, ashukuriwe kwa nyumba ambayo si yake, na aitikie tena?

"Waambie mama yuko nyumbani kwake," alimwambia dereva.

Gari likageuka, likaondoka bila yeye. Mchana, wakati ambapo huko Ruiru wanawake wa Kangari walikuwa wakiimba langoni ili wafunguliwe, huku Kamakwa mvua ilishuka kwa kishindo. Wakiuru aliketi kitandani na gauni lake la sherehe, akatazama juu, akangoja. Halikudondoka hata tone. Akapapasa blanketi pale ambapo maji yalikuwa yakitua siku zote, na palikuwa pakavu kabisa. Aligeuka ili amwambie mtu, na hapakuwa na mtu.