Siku Nilipopelekwa Dampo Pamoja na Taka

Kisa hiki kimeshasimuliwa na watu mpaka Geita huko, na kila anayekisimulia anaongeza chumvi yake, basi bora nikitoe mwenyewe mwenye aibu yangu. (Jina la soko letu nalificha, lakini ukitoka Kahama kwenda Geita umelipita.)

Mimi ni Mama Kulwa, muuza vitenge. Miaka yote taka za soko zilibebwa na trekta la serikali, na lile trekta lilikuwa linakuja likijisikia, leo halina dizeli, kesho lina dizeli halina dereva, mpaka lundo nyuma ya wauza nyanya likapanda, kuku wakawa wanakaa juu yake wanatuangalia sisi. Ukaitishwa mkutano: kazi apewe mtu binafsi, kampuni moja ya Mwanza, au tuendelee na serikali?

Nikasimama (nikishasimama, kukaa ni shida). Nikasema mtu binafsi oyee, huyo anaogopa kunyang'anywa kazi, gari lake litafika asubuhi na mapema! Mzee Masanja, muuza majembe, akauliza taratibu, "Mama Kulwa, trekta likitukosea tunamfuata diwani hapo kwake. Hawa wa kampuni wanakaa Mwanza. Siku wakitukosea tutampigia nani kelele?"

Nikamjibu, "Baba, wewe umezeeka na majembe yako!" Watu wakacheka, nikashinda.

Na gari likaja kweli, jeupe, jipya, ubavuni limeandikwa namba ya huduma kwa wateja. Likabeba lundo lote, na mimi nikafurahi kama vile nimelinunua mimi, na hapo ndipo shetani akanituma: nikataka picha. Siyo ya kusimama chini kama watu wengine, hapana, nikapanda ngazi ya nyuma na kitenge changu kipya, nikampa simu muuza nyanya, nikasimama juu ya maganda ya ndizi, mkono kiunoni.

Gari likaondoka.

"Simama! Simama!" Dereva kafunga vioo, kafungulia muziki. Barabarani watu wakaniona nimenyoosha mikono, wakadhani ndiyo uzinduzi wenyewe, wakanipigia vigelegele! Mchungaji wangu akanipungia. Na mimi nikampungia (mazoea tu).

Kumbe aliyeelewa ni Mzee Masanja peke yake; hata muuza nyanya alidhani ni sehemu ya picha. Alipanda bodaboda akatufukuza, huku anapiga ile namba ya ubavuni. Binti mwenye sauti tamu akamjibu, "Malalamiko yako yamepokelewa, baba, yatashughulikiwa ndani ya wiki."

"Mwanangu, kuna mtu kwenye taka!"

"Sawa baba. Ni taka za nyumbani au za biashara?"

Bodaboda inafika dampo, na bodi la gari ndiyo linainuka. Mayu wane, mama yangu! Nilishuka na kila kitu, makabichi, matumbo ya sato, kiatu changu kimoja mbele mimi nyuma, nikatua miguuni pa akina mama waokota chupa, ambao nusu yao ni wateja wangu. Dereva akashuka, akanitazama, akasema, "Shikamoo mama. Ulipakiwa wapi?"

"Marahaba," nikajibu, na nyanya mdomoni.

Mzee Masanja akavua koti akanifunika. Nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa yale ya mkutanoni."

"Twende ukaoge kwanza."

Mkutano uliofuata wengine walitaka kampuni ifukuzwe. Nikasimama tena (sisikii), nikasema ukweli wangu: soko ni safi, nzi wamehama, lile trekta silitaki tena hata kwa dawa; lakini gari linalofanya kazi yetu lazima liwe na mtu wetu, hapa hapa sokoni, ambaye akiliambia simama linasimama. Safari hii hakuna aliyecheka. Kampuni ikakubali, na mtu huyo akachaguliwa Mzee Masanja, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kumnyooshea mkono.

Kwa upande wangu nimeapa, gari la mtu silipandi tena kwa ajili ya picha, hata liwe la harusi. Ila kusahaulika ndiyo imeshindikana, maana kila asubuhi, kabla hajaondoka, dereva anagonga bodi na kuita, "Mama Kulwa yumo?" na soko zima linaitikia, "Hayumo!"