Gunia la Mgeni

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, kama siku ile, basi acha niandike. Nimeishia darasa la saba na sina uhakika kama najua kusimulia, lakini chumvi sitaongeza. Haya yalinitokea mimi, hapa Kakese, mchana, sikuwa na homa wala usingizi.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kilimo, kaya kumi. Tulifundishwa programu ya kompyuta: unaingiza ukubwa wa mashamba, siku za trekta, na magunia ambayo kila kaya haiwezi kukosa, yenyewe inakupangia wapi mpunga, wapi mahindi. Siku ile dereva wa trekta alikuwa anasubiri mpango wetu. Akiukosa mpaka jioni, anakwenda kulima kijiji cha Usevya, sisi tunarudi kwenye jembe la mkono.

Nikabonyeza. Ikajibu: hakuna jibu linalowezekana. Nikarudia mara sita, vilevile. Wifi yangu Jeni akacheka, "Katibu, hata mashine imekukataa!" Na kweli nilijiona mjinga.

Hapo akaingia nyumbani kwangu bibi mmoja tusiyemjua. Niamini, nje mvua inamwagika, kitenge chake kikavu kabisa. Tukampa shikamoo, Jeni akampa uji. Akainama kwenye kompyuta, akacheka mpaka akapaliwa.

"Mjukuu wangu, mimi ni mmoja. Mbona nyie mnanilimia magunia kumi?"

Nikatazama orodha. Kumbe kila kaya, kwa desturi yetu, ilikuwa imeingiza gunia la mgeni kwenye mahitaji yake! Mashamba yangetosha vipi? Nikayatoa yote kumi, nikaandika mstari mmoja: Mgeni, gunia moja. Nikabonyeza. Jibu hilo! Tukapiga vigelegele, tukageuka kumshukuru. Kikombe kitupu, mtu hakuna, kwenye tope hata unyayo mmoja. Nisimsingizie, huenda mvua ilifuta. Lakini kaya nyingine tisa zote zinaapa bibi huyo alikunywa uji kwao, saa ileile. Wewe ungesemaje?

Trekta lililima, tukavuna vizuri. Mpaka leo nikijaribu kuufuta mstari wa Mgeni, programu inagoma. Pengine ni vidole vyangu.

Nawe, mashine ikikukatalia, usiitukane kwanza. Soma upya ulichoiambia. Na akiingia mtu mkavu katikati ya mvua, mpe kiti, usimuulize katoka wapi.

Jioni tumekula wali na samaki, migebuka ya kukaanga. Ukoko tumegombania.