Nilienda Katy kuposa na saa ya bosi mkononi, nikarudi Lewisville mkono mtupu

Wakuu, habari za mahangaiko.

Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa changu mwenyewe, na sitaongeza chumvi kwa sababu wahusika wengine wamo humu ndani wanasoma kimya kimya. Majina tu nimebadilisha.

Mimi naishi Lewisville, Texas, juu kidogo ya Dallas. Kwetu Tanga. Nafanya kazi kwa fundi saa mmoja Mmarekani. Si fundi wa kubadilisha betri. Huyu anatengeneza saa zake mwenyewe za mkononi, mechanical, betri hazina kabisa. Kila mwaka anatoa mpya chache, na watu wanazisubiri kama sisi tulivyokuwa tunasubiri majibu ya visa.

Mwaka huu kaja na mashine mbili mpya. Mashine ni ule utumbo wa saa, springi na magurudumu yake. Moja ni nyembamba sana, unaijaza mwenyewe kwa mkono kila asubuhi. Ya pili ni automatic, inajijaza kadiri unavyotikisa mkono, na nyuma imewekwa kioo uone vitu vinavyozunguka. Wakuu, ukiigeuza ile saa unaweza kuunguza wali jikoni.

Kazi yangu ni kuzivaa. Msicheke. Kabla ya launch, yaani siku ya kuizindua, lazima mtu aivae saa kwenye maisha ya kawaida, aoshe vyombo, aendeshe gari, halafu tuone kama inawahi au inachelewa. Safari hii nikapewa ile automatic ya majaribio. Iko moja tu. Bosi akanipa masharti: hakuna kupiga picha, na Jumamosi ya launch iwe mezani asubuhi. Nikakubali kwa mbwembwe zote.

Sasa nina rafiki yangu anaitwa Shafii, dereva wa malori, anakaa Mansfield. Huyu bwana alikuwa amekufa kaoza kwa binti mmoja nesi wa Houston, Nasra. Baba yake Nasra ni Mzee Haroub, Mzanzibari, ana nyumba yake Katy, pembeni ya Houston. Shafii akaniomba niwe mshenga.

Kwa wasiojua, mshenga ndiye anayekwenda kusema. Mwenye shida hatii mguu. Kwa hiyo Jumapili tukaendesha mpaka Houston, Shafii akabaki kwenye parking ya supermarket anatafuna kucha, mimi nikaingia kwa mzee na shati langu jipya. Na saa, bila shaka. Ningeenda kuposa mkono mtupu kweli?

Mzee akanipokea vizuri. Kahawa, halua, maswali ya ukoo mpaka tukafika kwa mababu. Nikamwaga maneno yangu ya posa, nikaona yanakwenda sawasawa. Lakini macho ya mzee hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa kwenye mkono.

"Mashaallah," akasema. "Saa nzuri hiyo, mwanangu."

Wakuu, nyie mnajua. Sisi wa Pwani mtu akisifu kitu chako unamjibu nini? Unasema karibu. Ni adabu tu. Mtu akisifu gari lako unasema karibu, na hakuna aliyewahi kuondoka na gari. Anajibu ahsante, mambo yanaisha.

Nikasema, "Karibu, mzee."

Akasema, "Ahsante, nimekaribia." Akanyoosha mkono.

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka, mkono ukabaki pale pale umenyooshwa. Nikawaza haraka haraka: nikisema si yangu, nimeonekana mshenga muongo nimekuja na vya kuazima. Nikikataa, nimekuwa bahili na posa ya Shafii imekufa. Nikajikuta nafungua mkanda huku natabasamu, na moyoni nalia.

Akaivaa. Akaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema jibu la posa tutaletewa.

Kurudi kwenye gari, Shafii akaona mkono wangu hauna saa. Akauliza iko wapi. Nikamwambia kaichukua mzee. Jamaa alinikumbatia nikakosa pumzi. Kwa akili yake, mzee akipokea kitu ndiyo kakubali. Njia nzima ya kurudi anaimba. Mimi nilikuwa nafikiria jinsi ya kuandika CV.

Jumatatu bosi akauliza saa inaendeleaje. Nikamwambia bado naipima kwenye unyevunyevu wa Houston. Na haukuwa uongo wakuu, ilikuwa Houston na unyevunyevu ulikuwepo.

Nikampigia mzee niseme ukweli. Alivyopokea na ile furaha yake, ulimi ukakataa. Nikaishia kumfundisha asiivae bafuni.

Katikati ya wiki nikafungua WhatsApp, group letu la Waswahili wa Texas. Nikaona picha ya mkono. Mkono wa mzee, juu ya usukani, na saa inawaka. Mtu kauliza ni ya kampuni gani. Mzee kajibu kwa voice note, sauti ya maringo: "Hii haijatoka bado. Imeletwa kwa posa ya Nasra. Mshenga ana watu wake."

Nilikaa chini. Picha imetoka, na mzee kashatangaza.

Ijumaa nikaomba ruhusa nikashuka tena Katy peke yangu. Nilimkuta mzee na Nasra sebuleni, Nasra ametoka kazini bado na scrubs zake, zile nguo za hospitali. Nikasema yote. Saa si yangu, ni ya bosi, inatakiwa kesho, na isipofika sina kazi.

Mzee akasema kwa upole kabisa, "Ungesema siku ile, ningekucheka tukanywa kahawa. Sasa nimeshawaambia watu msikitini. Kitu cha posa kikirudi, ndio tumekataa. Nikuvulie, halafu watu waseme nimemkataa kijana?"

Na kwa kweli alikuwa sahihi. Vitu vya posa vikirudishwa, mambo yameisha. Nikajiona nimekwama: saa ikirudi Shafii kakosa mke, isiporudi mimi nimekosa kazi. Nilitaka kulia mbele za watu.

Nasra alikuwa ananisikiliza huku ameshika simu. Akaiweka chini.

"Baba, wait. Hii saa uliwaambia watu imeletwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

"Umesema kwenye voice note?"

"Nimesema."

"Basi ni yangu. Mbona unaivaa wewe?"

Mzee akavuta mkono wa shati kuifunika saa.

"Kitu cha mwanamke akikitoa mwenyewe hakijarudishwa," Nasra akasema. "Naomba saa yangu."

Akakaa na kiganja wazi kama askari wa barabarani anayesubiri leseni. Mzee akamtazama, akanitazama mimi, akaitazama saa kwa huruma ya mtu anayeaga. Akafungua mkanda taratibu, akampa.

Nasra akanipa mimi pale pale. "Kaka, hii nakuazima, mpelekee bosi wako. Na Shafii umwambie nimekubali. Mahari yangu nataka ile nyembamba, ya kujaza kwa mkono. Nimeangalia kwenye simu, iko kwenye launch ya kesho."

Jumamosi saa ilikuwa mezani. Bosi akaipima, akafurahi, akasema mashine imetulia kuliko zote na akaniuliza nimeivaa vipi. Nikamwambia niliipa mtu anayezungumza sana kwa mikono. Shafii naye alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa suti, ameshika fomu ya kujiandikisha kwa mikono miwili. Akaambiwa za mwaka huu zina wenyewe tayari, zamu yake itafika mwaka ujao.

Akampigia Nasra kumpa habari. Nasra akamwambia hana haraka, nikah itafanyika siku saa itakapofika.

Kwa hiyo wakuu, rafiki yangu ameposa, amekubaliwa, na sasa anamngoja fundi saa. Kila asubuhi napita kwenye ile meza na kumwuliza bosi kama hawezi kuongeza kasi kidogo. Anasema kitu kizuri hakikimbizwi. Mzee Haroub ananipigia kila wiki kuuliza jambo lile lile, na sijui anauliza kwa ajili ya nani.

Funzo langu: ukitumwa kusema, peleka maneno tu. Vitu vya bosi viache kabatini. Na kama jambo si lako, liseme siku ile ile, kabla halijaingia kwenye voice note.

Karibuni mchangie. Wa Visiwani hasa, nisaidieni: mzee alikuwa ananitania, au kweli aliipenda?