Hina ya Twaiba Kwenye Akaunti ya Kheri

Twaiba wa Msambweni amewapaka hina mabibi harusi kwa miaka kumi na minne, na kila akimaliza huipiga kazi yake picha. Wageni wengine hawaruhusiwi kuingia na simu chumbani kwa bibi harusi. Yeye huruhusiwa, kwa sababu anaaminika. Picha ni za mikono na miguu, lakini mikono ina mwenyewe, na mwenyewe wakati huo huwa kichwa wazi, amejifunga kanga tu.

Jumamosi simu yake ilijaa. Kaka yake Kheri, mtunza stoo katika hoteli moja ya Galu, akamwekea programu ya kuhifadhi picha mtandaoni. Programu ilitaka barua pepe. Twaiba hakuwa nayo, basi Kheri akaweka ya kwake. Aliona anwani moja inatosha familia.

Jumatatu, Kheri akipanga mashuka, simu yake ilimletea picha mpya. Alikuwa Hanifa, bibi harusi wa jana yake, anacheka, nywele zimemwagika mabegani. Kheri aliigeuza simu kifudifudi. Kwa kuwa amelelewa vizuri, hakumpigia dada yake. Aliomba ruhusa kazini, akaenda moja kwa moja kwa mama yake Hanifa, Bi Mwanarusi, kumtaka radhi kwa alichokiona. Bi Mwanarusi hakuwa na habari yoyote kabla ya hapo.

Kufikia adhuhuri, nyumba mbili zilizokuwa zimemwagiza Twaiba kwa harusi zao zilituma ujumbe kwamba zinafikiria upya.

Baada ya alasiri Bi Mwanarusi alifika, Kheri nyuma yake. Twaiba akamwamkia, akampa kiti, akaelezwa yote, akasema atazifuta picha za Hanifa sasa hivi.

"Kwani wale wengine hawana mama?" akauliza Bi Mwanarusi.

Zilikuwa zaidi ya picha elfu moja, na ndani yake kila ua alilowahi kubuni. Twaiba alizichagua zote, akafuta. Programu ikaeleza kwamba zitakaa kwenye pipa la taka siku thelathini. Bi Mwanarusi akasema yeye hatakaa hapo siku thelathini. Pipa likamwagwa. Picha za Kheri mwenyewe, pamoja na za watoto wake, nazo zikaondoka. Hakuna aliyemuuliza.

Bi Mwanarusi alimaliza chai yake, akasema nyumba zile mbili atazipigia yeye, na binti yake mdogo anaolewa mwezi ujao.

"Utakuja. Simu ibaki kwako."

"Nitakuja, mama. Ila maua yangu yote yalikuwa humo."

"Na kabla ya simu yalikuwa wapi?"

Alipoondoka, Twaiba alitafuta daftari na kalamu, akaanza kuchora aliyoyakumbuka. Kufikia magharibi alikuwa na maua kumi na moja, na mawili kati yake yalifanana.