Matundu Matatu ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ameshona nguo za watu miaka thelathini na miwili, na miaka yote hiyo amewadanganya wateja kwa upole. "Nimebakiza vifungo tu," humwambia mtu ambaye kitambaa chake hakijaguswa na mkasi. Simsengenyi. Mwenyewe husema mafundi wote wana uongo huo, ila wengine hawakiri.

Basi alipokutwa na uvimbe kwenye pafu la kulia, madaktari walimweleza kwamba watapita ubavuni kwa matundu madogo, waingize kamera, waukate wakitazama skrini. Aliitikia kila neno. Kichwani alikuwa ameshajipima mkato mmoja mrefu, kutoka chini ya titi hadi mgongoni.

Siku ya tatu baada ya upasuaji walimtoa mrija wa ubavuni, wakamruhusu. Nyumbani nikamsaidia kuoga. Alijitazama kwenye kioo, akahesabu matundu matatu, na lililo refu halikufika urefu wa kidole. Mimi nilifurahi. Yeye alivaa gauni lake akakipa kioo mgongo.

Kesho yake akanieleza alivyoyasoma matundu yale madogo. Wamemfungua, wakakuta maji yamezidi unga, wakamfunga.

"Lakini daktari kasema umetoka wote," nikamkumbusha.

"Na mimi husema nimebakiza vifungo."

Nilimkasirikia, kisha nikaenda jikoni kulia, maana hata mimi nilianza kuamini. Wiki ile akagawa vitu vyake. Cherehani alinipa mimi. Niliipeleka kwangu, nikaifunika shuka, nikawa siingii chumba ilimokaa.

Siku ya kliniki alimkabili daktari aliyempasua, dada mwembamba wa umri wangu, hata kabla hajakaa vizuri.

"Mwanangu, mshono ule si wa kazi uliyosema. Niambie ukweli, mimi ni fundi mwenzako."

Daktari hakuchukia. Alifungua kompyuta, akatuonyesha kile ilichokiona kamera: pafu limelala, vyuma viwili vyembamba vinakata na kubana taratibu, uvimbe unatiwa kwenye kifuko na kuvutwa nje kupitia lile tundu refu. Kisha akatusomea majibu ya maabara. Haikuwa saratani. Mama mdogo akaomba aone tena, na safari hii alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akasema hajawahi kuona mkono uliotulia namna ile. Akamshika daktari vidole, akalia. Nami nikalia. Tulishukuru ovyo ovyo, tukikatizana maneno, mpaka mgonjwa aliyefuata akabisha hodi.

Njiani akaniuliza cherehani yake iko wapi. Nikamwambia ni yangu, alinipa kwa mkono wake.

"Nilikupa nikiwa marehemu," akasema. "Irudishe kabla ya saa kumi, nina sare za watu."

Ni chuma kitupu, ile cherehani. Niliibeba mwenyewe hadi kwake, nikipumzika kila hatua kumi, na sijawahi kunyang'anywa kitu nikafurahi kiasi kile.