Daktari kauliza kama nakoroma

Leo mume wangu kataja chanzo cha ugonjwa wangu mbele ya daktari, na wala hajui kama kakitaja.

Wiki ya tano hii sipati usingizi. Maziwa ya moto nimekunywa, simu nimezima, maombi nimeombewa. Wapi! Nakaribia kuchizika.

Asubuhi nikamwomba baba Neema anisindikize hospitali. Daktari akauliza kahawa, presha, mawazo. Nikajibu yote.

Kisha akamgeukia yeye: "Baba, mama huwa anakoroma?"

"Mno, dokta! Juzi tu nimemgeuza mara mbili ndo akanyamaza."

Juzi.

Jamani, juzi baba Neema alilala Mishamo. Anaenda huko kununua mahindi kila wiki, na hii ni wiki ya tano. Mimi nilikuwa hapa Kawajense, macho makavu mpaka asubuhi.

Daktari akaacha kuandika, akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu.

Mwenzangu anatabasamu, anajiona kasaidia!

Sasa tupo dirisha la dawa. Kanishikia daftari langu la matibabu, ananibembeleza: "Leo utalala, mama Neema."

Nyie, mimi leo nalalaje?