Goitsemang na Zizi Tupu

Tangu nimfahamu, Goitsemang hula amesimama. Ni mazoea ya machungani, kwani huko anayekaa chini kula, ng'ombe humtoroka. Mjomba wake ndiye aliyemlea, nusu siku kwa gari kutoka hapa Serowe, na wachungaji walimcheka sana kuona msichana ameshika fimbo. Yeye aliwajibu kwa kuwajua ng'ombe wote tisini wa mjomba, kwa rangi, kwa pembe, hata kwa mwendo. Sasa ana miaka thelathini na mitatu, anasomea uzamivu wa kompyuta, na kiti bado hakijui.

Mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni ya kanisa letu. Kila mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, wanafunzi wa uzamivu wa kompyuta hukusanyika kwetu siku nne. Wanatoka nchi tano sita, kila mmoja na utafiti wake, na maprofesa huja kuwaonyesha palipoiva na palipo pabichi. Wana sheria moja inayonipendeza. Mwanafunzi husema dakika kumi, kisha maprofesa nao husema dakika kumi, na muda huo mwenye kazi haruhusiwi kujibu. Anaandika tu. Nimeona wanaume wenye ndevu wakitafuna kalamu.

Kwetu ng'ombe akipotea hukamatwa, na mwenyewe akichelewa kumtambua huuzwa mnadani. Ndiyo maana Goitsemang alitengeneza programu ya simu: unampiga ng'ombe picha, inakwambia jina lake na mwenye mali. Aliipima kwa ng'ombe wa mjomba, ikapatia mara tisini na saba katika mia. Lakini alikuja na barua ya chuo. Mwaka wa tatu unakwisha. Maprofesa wa warsha wasiposema kazi hii inatosha kuwa uzamivu, masomo yake basi.

Asubuhi ya zamu yake aliingia jikoni nikikaanga magwinya, maandazi yetu ya duara, yeye na Phenyo, mwanafunzi mwenzake mwenye maneno mengi.

"Mama Tumelo, wewe ndiye profesa wangu wa kwanza. Nipe ng'ombe, nikuonyeshe."

"Ninao wanne tu, mwanangu, na wanakula kuliko ninyi."

Nikafuta mikono, nikamfungulia simuni picha ya ng'ombe wangu mmoja, mweusi tititi. Kaka yangu anayenichungia huko aliipiga siku ya chanjo, maana ng'ombe wa eneo lote huchanjwa kwenye zizi la mjomba wake Goitsemang. Programu ilipaswa kusema haimjui. Ikasema: Tshweu, mali ya mjomba.

Tshweu, kama jina lake lisemavyo kwa lugha yetu, ni mweupe kama maziwa.

Phenyo akashika mbavu. "Programu yako imeokoka, Goitse! Haibagui rangi!"

Goitsemang hakucheka. Alitazama nyuma ya ng'ombe wangu, akaona nguzo iliyopasuka. Akatafuta katika simu yake picha ya zizi tupu, pale penye nguzo ile ile, akaipa programu. Ikajibu bila haya: Tshweu.

Akaelewa, nami akanielewesha. Kila ng'ombe ana mahali pake pa kusimama zizini, na mchungaji aliyelelewa vizuri hamsumbui ng'ombe aliyetulia. Kwa hiyo kila mmoja alimpiga picha mahali pake, na alipoipima programu akampiga palepale tena. Miaka mitatu mashine ilikuwa inasoma nguzo za zizi.

"Usiseme kitu," Phenyo akasema, sasa kwa upole. "Onyesha zile tisini na saba. Nani atajua?"

"Atajua mzee atakayepewa ng'ombe asiye wake."

"Mzee hayumo ukumbini, dada. Profesa Mothibi yumo."

Goitsemang akanigeukia. "Mama, nifanyeje?"

Moyoni nilikuwa nimeshaanza kumwombea. Kwa mdomo nilisema, "Kula kwanza." Nikampa magwinya mawili, akala machozi yakimlengalenga.

Nilipeleka chai ukumbini, nikakawia makusudi karibu na birika. Goitsemang akasimama mbele, akaweka ukutani picha ya zizi tupu.

"Waheshimiwa," akasema, "huyu ni Tshweu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Akaeleza yote, hakujificha nyuma ya neno hata moja. Kengele ikalia, zamu ikawa ya maprofesa.

Profesa Mothibi, mzee wetu mkali, ndiye aliyeanza, kwa heshima ya kwetu ya kumwita mwanamke Mma. "Mma, umefundisha mashine kuhesabu miti. Huu si uzamivu." Goitsemang akaandika.

"Subiri kidogo, Rra," akasema Profesa Bonsra, mama mnene aliyetoka Kumasi, aliyekwisha kujifunza kumwita bwana Rra kama sisi. Akawageukia wanafunzi. "Ninyi wengine, nani ameipima programu yake palepale alipoifundishia? Msinidanganye, mimi nimezaa sita."

Mikono ikapanda pole pole. Saba kati ya kumi na mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa Phenyo.

"Mnaona? Ninyi saba mmeibiwa, huyu peke yake ndiye aliyemkamata mwizi. Swali lake silo ng'ombe huyu ni nani. Swali lake ni tutajuaje kama mashine imemwona ng'ombe au imeliona zizi. Hilo ni uzamivu, tena wa kutosha watu wawili."

Mzee Mothibi akakuna kidevu. Goitsemang hakuwa na ruhusa ya kusema, macho tu ndiyo yaliyomwomba.

"Apige picha upya," mzee akasema mwisho. "Kisimani, njiani, kwenye vumbi, kwenye mvua. Mwaka mzima. Akikubali hivyo, natia sahihi."

Kengele ikalia. "Nakubali, Rra!" akasema, hata haijanyamaza. Sahihi zikatiwa mezani pangu, kati ya vikombe.

Jioni alimpigia mjomba wake, simu ikiwa kwa sauti kubwa jikoni.

"Mjomba, nimepewa mwaka mwingine. Nakuja kuwahamisha ng'ombe wako kutoka mahali pao."

"Ala! Miaka yote nilikufundisha usiwasumbue!"

"Ndiko kulikoniponza, mjomba wangu."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Basi njoo. Lakini yule dume mwekundu utamhamisha mwenyewe, mimi nina mke na watoto."

Warsha ilipokwisha, Phenyo akafuatana na Goitsemang, eti kumshikia kamera. Alirudi baada ya wiki na picha mia mbili, na suruali imechanwa kwa pembe.